Shajara ya mradi: kuandika upya sura ya Tab na ujongezaji

Jumamosi, Ngamiani

Katika mwongozo wetu wa Kiswahili wa vihariri vya matini, sura ya ujongezaji, yaani kusogeza mwanzo wa mstari kwenda ndani, ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo inayoleta maswali mengi kuliko zote. Ilivyorithiwa, kiini chake ni sentensi moja: "Weka tab iwe 4." Basi. Haisemi kihariri gani wala 4 ya kitu gani.

Leo tumeipima. Programu tunayoitunza ni ya kumbukumbu za mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga: nani kauza, samaki gani, kilo ngapi, kwa bei gani. Imeandikwa kwa lugha ya Python, inayotumia ujongezaji kujua mistari ipi ni ya fungu moja, na haina makuu. Niliwaomba wenzangu kila mtu aitii ile sentensi kwenye kihariri chake, kisha aongeze mstari mmoja ndani ya fanksheni ileile.

Mwenye VS Code aliweka `editor.tabSize` kuwa 4, akabonyeza Tab, faili likaingiwa na nafasi nne. Mwenye nano aliandika `set tabsize 4`, akabonyeza Tab, likaingia herufi moja ya Tab, imechorwa kwa upana wa nne. Mwenye Vim aliandika `set tabstop=4` akapata kama wa nano. Dada anayetumia Notepad++ alikuta 4 imeshawekwa, hakugusa kitu, naye akapata herufi ya Tab.

Kwenye skrini zao, mistari yote imenyooka vizuri. Python haitazami skrini:

```
TabError: inconsistent use of tabs and spaces in indentation
```

Hapo ndipo amri ya terminali `cat -A` inapofaa. Inaonyesha kila Tab kama `^I` na kila mwisho wa mstari kama `$`:

```
def jumla(mnada):$
    kilo = 0$
^Ibei = 0$
```

Kijana wa Pongwe yeye alipata ujumbe mwingine kabisa, `unindent does not match any outer indentation level`, akadhani ana ugonjwa wake peke yake. Ugonjwa ni uleule, mpangilio wa mistari tu umegeuka. Python huhesabu Tab kuwa inafika hadi safuwima ya 8. Mstari wa kwanza ukiwa na nafasi nne na wa pili Tab, inaona umeingia ndani zaidi kwa namna isiyoeleweka, ndipo inatoa TabError. Mstari wa kwanza ukiwa Tab na wa pili nafasi nne, inaona umerudi kutoka 8 hadi 4, na safuwima ya 4 hakuna aliyewahi kuifungua. Mwongozo uonyeshe jumbe zote mbili ukurasa mmoja, maana anayetafuta msaada hutafuta kwa ujumbe alioupata.

Jumapili

Nimekaa na sentensi ile. Ina maswali matatu yaliyobanwa pamoja, na kila kihariri huchukua swali lake.

La kwanza: herufi ya Tab iliyomo tayari ndani ya faili ichorwe kwa upana gani? La pili: hatua moja ya kujongeza ni safuwima ngapi? La tatu: nikibonyeza kitufe cha Tab, kiandikwe nini, herufi ya Tab au nafasi?

Swali la kwanza halibadilishi faili hata baiti moja. Mtu anaweza kuweka upana 2, 4 au 13, akafunga, na faili likabaki lilivyokuwa. La pili na la tatu ndiyo yanayoandika. Ukiwaambia watu "weka tab iwe 4" bila kusema ni jibu la swali lipi, mmoja amebadilisha miwani yake na mwenzake amebadilisha faili, na wote wawili wanaapa wametii.

Kanuni niliyoiweka juu ya rasimu: kila chaguo linalotajwa kwenye sura hii lazima liambatane na mambo mawili, yaani linajibu swali lipi, na *haligusi* nini. Hilo la pili ndilo linalokosekana kwenye miongozo mingi niliyosoma. Watu hubadilisha upana wa Tab wakitarajia faili la zamani lijipange lenyewe, kisha wanarudi kulalamika kwamba "haifanyi kazi".

Nimeandika pia kwamba mwongozo hautaamua ugomvi wa Tab na nafasi. Ubishi huo ni kama wa mashabiki wa Coastal Union na African Sports, hakuna aliyewahi kuhamishwa upande kwa hoja. Mradi unachagua kimoja, mwongozo unaeleza namna ya kukitii.

Jumanne

Rasimu ilikuwa na mstari huu, nao umerithiwa: "Tab ni sawa na nafasi 8." Ni kweli mwanzoni mwa mstari tu. Tab haina urefu wake. Inakupeleka hadi kituo kinachofuata. Vituo vikiwa kila safuwima 8, Tab baada ya herufi 3 inajaza 5, baada ya herufi 7 inajaza 1, na baada ya herufi 8 inajaza 8 nzima. Vituo vikiwa kila 4, baada ya herufi 3 inajaza 1.

Nilikuwa nahangaika kulieleza hili bila kuchora, ndipo nikampelekea rasimu mama mdogo, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa katibu muhtasi na amepiga taipu miaka mingi.

"Shikamoo mama mdogo. Nisomee hapa, uniambie pasipoeleweka."

"Marahaba. Hapa mmeandika Tab ni nafasi nane. Nani kawaambia? Kwenye mashine tulikuwa tunapanga vituo wenyewe. Orodha ya mishahara, kituo kimoja kwenye jina, kingine kwenye fedha. Ukibonyeza, kigari kinakimbia mpaka kwenye kituo. Jina likiwa refu kinakimbia kidogo, likiwa fupi kinakimbia sana. Fedha zote zinasimama mstari mmoja."

Hakuna aliyewahi kulieleza vizuri zaidi katika kikundi chetu, na sisi ndio tunaojiita waandishi wa programu. Maelezo yake yameingia kwenye rasimu karibu kama alivyoyasema. Nimeongeza tu kwamba herufi yenyewe ilipewa nambari 9 katika ASCII, orodha ya nambari za herufi kwenye kompyuta, nafasi ikapewa 32, na kwamba vituo vya kila safuwima 8 ni desturi ya terminali za Unix ambayo imebaki hadi leo. Ndiyo maana faili lililopendeza kwenye kihariri linaonekana limetawanyika ukilifungua kwa `less`, programu ya kusomea mafaili kwenye terminali: kihariri kimeambiwa 4, `less` haijaambiwa chochote, inatumia 8. `less -x4` inamaliza ugomvi.

Alhamisi usiku

Vim. Sehemu hii imekula jioni nzima na bado sijaridhika nayo.

Chaguo zinazohusika ni nne. `tabstop` hujibu swali la kwanza. Isipoguswa ni 8. `shiftwidth` hujibu la pili, yaani amri ya kusogeza mstari, `>>`, na ujongezaji wa kujiendesha. Nayo isipoguswa ni 8. `expandtab` hujibu la tatu; isipoguswa imezimwa, kwa hiyo herufi ya Tab ndiyo inayoandikwa. Ya nne, `softtabstop`, ndiyo inayovuruga watu, kwa sababu inajibu swali ambalo hawakujua wanauliza: kitufe cha Tab na kile cha kufuta viende safuwima ngapi kwa mguso mmoja, bila kujali upana wa Tab iliyochorwa.

Sasa angalia matokeo ya `set tabstop=4` peke yake. Kitufe cha Tab kinaandika Tab yenye sura ya nne. Lakini `shiftwidth` bado ni 8, kwa hiyo `>>` inasogeza mstari safuwima nane, yaani Tab mbili. Msomaji anaona kihariri kimoja kikisogeza kwa vipimo viwili tofauti na anaamini kimeharibika.

Kisa cha pili ni cha anayeweka `tabstop=8`, `softtabstop=4`, `shiftwidth=4` bila `expandtab`. Huu ni mtindo halali kabisa, umetajwa kwenye msaada wa Vim wenyewe. Anabonyeza Tab mara moja: nafasi nne. Anabonyeza mara ya pili: zile nafasi nne zinatoweka na badala yake inakaa herufi moja ya Tab. Vim imeona safuwima nane zimetimia, na imeruhusiwa kutumia Tab, basi imetumia. Kwa msimbo wa C wa zamani ni sawa. Kwa Python ni kuomba balaa. Rasimu inamwambia msomaji awashe `:set list` aone `^I` ikizaliwa mbele ya macho yake. Nikiacha maelezo peke yake hawaamini.

Lakini jambo lililonichukua muda zaidi lilitoka kwa mwenzetu wa Vim. Alisisitiza kwamba kabla ya kufuata mwongozo, mafaili yake ya Python yalikuwa salama, na baada ya kufuata yakaharibika. Nilidhani anatania. Kumbe anasema kweli tupu.

Alikuwa hana `.vimrc`, faili la mipangilio ya mtumiaji wa Vim, kabisa. Tangu toleo la 8, Vim ikikosa faili hilo husoma lake liitwalo `defaults.vim`, ambalo pamoja na mengine huwasha mipangilio ya kila lugha. Mpangilio wa Python unaokuja na Vim unafuata PEP 8, waraka wa mtindo wa mwaka 2001 unaopendekeza nafasi 4 kwa kila hatua, hivyo unawasha `expandtab` na kuweka `shiftwidth` na `softtabstop` kuwa 4. Kila kitu kilikuwa kimepangwa bila yeye kujua. Mwongozo ukamwambia afungue `.vimrc` na kuandika mstari mmoja. Mara tu faili hilo lilipokuwepo, Vim haikusoma tena `defaults.vim`. Mpangilio wa Python ukazimika, `expandtab` ikaondoka nayo, na kwa mara ya kwanza Tab halisi zikaanza kuingia. Mstari wenyewe hauna kosa. Uharibifu umetokana na kuwepo kwa faili.

Kwa hiyo mfano wa `.vimrc` kwenye sura sasa unaanza hivi:

```
source $VIMRUNTIME/defaults.vim
set expandtab
set shiftwidth=4
set softtabstop=-1
```

Hiyo hasi moja ina maana `softtabstop` ifuate `shiftwidth`, ili siku mtu akibadilisha hatua abadilishe mahali pamoja. `tabstop` nimeiacha kwenye 8 kwa makusudi. Tab ikijipenyeza ndani ya faili, itachorwa kwa upana usiolingana na hatua ya 4 na itaonekana. Ukiweka 4, itajificha.

Na kwa anayeshangaa kwa nini alichoandika hakifuatwi: `:verbose set shiftwidth?` hutaja faili lililoweka thamani hiyo mara ya mwisho. Ningekuwa na nafasi ya mstari mmoja tu kwenye sura nzima ya Vim, ningeweka huo.

Ijumaa, baada ya swala

VS Code, kwa ufupi, maana ina tatizo moja kubwa tu. `editor.tabSize` ni 4 na `editor.insertSpaces` imewashwa tangu mwanzo, vizuri. Lakini kuna `editor.detectIndentation`, nayo imewashwa pia, na inapita zote mbili: faili likifunguliwa, kihariri kinakagua yaliyomo, kinakisia, kisha kinafuata ubashiri wake. Binti mmoja alibadilisha `tabSize` kuwa 2, akafunga, akafungua, akazima kompyuta akawasha. Hakuna kilichobadilika, maana faili lenyewe lilikuwa na hatua za nne.

Rasimu inasema: kabla ya kugusa mipangilio, soma ukanda wa chini wa dirisha, upande wa kulia. Pakiwa na `Spaces: 4` au `Tab Size: 4`, hilo ndilo linalotumika kwa faili hilo sasa hivi, liwe limetoka kwenye mipangilio au kwenye ubashiri. Pia `editor.renderWhitespace` iwekwe `all`, ili nafasi zionekane kama nukta na Tab kama mishale.

Sijashauri kuzima ubashiri. Kwa mtu anayeruka kutoka mradi mmoja hadi mwingine, unamsaidia zaidi ya unavyomsumbua.

Jumatatu

Sehemu ya lugha zisizokupa hiari. `Makefile`, faili la maagizo ya programu iitwayo Make, inataka kila amri ianze na herufi ya Tab. Nafasi hazikubaliki, na GNU Make hulalamika `missing separator`. Stuart Feldman aliiandika Make mwaka 1976 akiwa Bell Labs, na kulingana na simulizi yake mwenyewe, alipotambua kwamba Tab ni uamuzi mbaya alishakuwa na watumiaji kama dazeni moja na hakutaka kuwavurugia kazi. Dazeni moja! Tangu toleo la 3.82, GNU Make ina `.RECIPEPREFIX` ya kuchagua herufi nyingine, ila sijaiweka kwenye sura. Atakayeitumia atawachanganya wenzake wote.

YAML, muundo wa mafaili ya mipangilio, ni kinyume chake, inakataza Tab kwenye ujongezaji. Lugha ya Go imelimaliza kwa programu yake ya `gofmt`, inayojongeza kwa Tab bila kumuuliza mtu. Mistari mitatu inatosha.

Kinachohitaji maneno zaidi ni kunakili. Mtu akionyesha Makefile kwenye terminali, mwenzake akainakili kutoka pale, mara nyingi anachopata ni nafasi, kwa sababu Tab ilishageuzwa kuwa uwazi ilipochorwa. Na sisi mfano wetu wa Makefile upo kwenye PDF. Nimeweka onyo juu yake kwamba usinakiliwe, uandikwe kwa mkono, na kwa wa Vim mwenye `expandtab`: Ctrl-V kisha Tab huingiza Tab halisi.

Jumatano

Leo tumeingiza `.editorconfig`, faili moja la mipangilio linaloweza kusomwa na vihariri tofauti, kwenye mradi wa mnada:

```
root = true

[*.py]
indent_style = space
indent_size = 4

[Makefile]
indent_style = tab
tab_width = 8
```

Uzuri wake ni kwamba majina yake yameyatenganisha maswali: `indent_style` ni la tatu, `indent_size` la pili, `tab_width` la kwanza. Neovim tangu 0.9 inalisoma bila kuombwa. Vim za karibuni zinakuja na programu-jalizi yake, unaiwasha kwa `packadd! editorconfig`. VS Code inahitaji kiendelezi, na hili limeandikwa kwa herufi nzito, maana kijana wa Pongwe alidhani faili kuwepo kunatosha. Mwenye nano tumemwandikia mistari yake ya `nanorc`, ikiwa na `set tabstospaces`.

`.editorconfig` haigeuzi yaliyokwishaandikwa, kwa hiyo mafaili ya zamani tumeyasafisha kando. Hapa mpangilio wa hatua una maana. Katika Vim, `:retab`, amri ya kugeuza Tab zilizomo kuwa nafasi, hupima kwa `tabstop` iliyopo wakati huo. Faili lililoandikwa kwa vituo vya 8 ukilitazama kwa 4 kisha ukaamuru `:retab`, umeigandisha sura potofu. Kwanza upana unaofanya faili lisomeke, halafu `expandtab`, halafu `:retab`. Na iangaliwe kama kuna Tab ndani ya matini yaliyofungwa kwa alama za nukuu: amri hii haibagui. Ripoti yetu moja ya bei ilikuwa na Tab halisi kati ya jina la samaki na kilo, tukaigeuza kuwa `\t`, alama inayoiwakilisha kwenye msimbo, kabla ya kuanza.

Usafishaji umeingia kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, kama badiliko la peke yake, bila hata neno moja la msimbo kubadilishwa. Ukipitia kwa `git diff -w` hutakiwi kuona chochote kwenye mafaili yaliyosafishwa, na hatukuona. Anayetafuta nani aliandika mstari fulani atumie `git blame -w`, vinginevyo mistari yote itasomeka ni yangu.

Jumamosi, maktaba ya mkoa

Zoezi la mwanzo limerudiwa, kwa sura mpya, na watu ambao hawakuwepo mara ya kwanza. Mafaili yote yamerudi na nafasi. Mmoja alikwama kwenye Notepad++ kwa sababu menyu ya toleo lake haikufanana na picha yetu. Picha imeondolewa, limebaki jina la kinachotafutwa na swali kinalojibu. Dada wa Raskazone ameuliza kwa nini sura haisemi "weka 4" mwanzoni kabisa, apite haraka. Nimemjibu kwamba 4 sasa iko kwenye `.editorconfig`, mwongozo hauna haja ya kuitaja. Hajaridhika sana, na nadhani ana hoja: nitaweka kisanduku juu ya sura kwa mwenye haraka, kimtume moja kwa moja kwenye kihariri chake.

Yaliyobaki: kihariri cha Emacs. Ina `tab-width` kwa swali la kwanza na `indent-tabs-mode` kwa la tatu, lakini la pili limetawanyika kwa kila lugha, `c-basic-offset` huku na `python-indent-offset` kule. Hakuna kati yetu anayeitumia kila siku, na sitaki kuandika sehemu hiyo kwa kusoma tu. Kuna kaka mmoja Mikanjuni anayeitumia. Nimemwomba, kasema wiki ijayo akimaliza mitihani.